Kalenda yangu: tarehe iliyogeuka saa tisa alasiri

Kosa lililonisumbua wiki nzima nimelipata.

Kalenda ninayoiandikia programu hapa Lamu inaonyesha tarehe ya Miladi pamoja na ya Hijria kwa majina ya kwetu: Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kila tarehe inapita kwanza kwenye namba ya siku ya Julian, yaani siku zilizohesabiwa mfululizo tangu Januari 1, 4713 KK, bila kujali mwezi wala mwaka. Januari 1, 2000 ni 2451545. Igawe kwa 7, inabaki 5; sifuri ni Jumatatu, basi hiyo ni Jumamosi. Naupenda sana wepesi huu.

Alhamisi asubuhi mama aliishika simu akauliza, "Mwanangu, mbona hapa bado Jumatano?" Mimi huijaribu jioni tu nikitoka kazini, na jioni ilikuwa sawa siku zote. Nikakaa naitazama. Saa nane na dakika hamsini na tisa, Jumatano. Saa tisa kamili, Alhamisi!

Wanafalaki huanza siku ya namba hii adhuhuri ya Greenwich, Uingereza, ili usiku mmoja wa kutazama nyota usikatwe na namba mbili. Saa sita mchana ya kule ni saa tisa yetu. Sasa naongeza 0.125 kwa zile saa tatu, na 0.5 ili siku ianze usiku wa manane, ndipo naondoa desimali.

Nikajaribu na tarehe ya zamani: Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 14, 1498, mkesha wa Pasaka, kwa hiyo lazima iwe Jumamosi. Programu ikatoa Alhamisi. Nilikuwa nimetumia kanuni ya Gregori, yaani ya kalenda ya Miladi ya leo, kwa tarehe iliyotangulia Oktoba 15, 1582, siku kalenda hiyo ilipoanza. Kwa kanuni ya Julian, ile kalenda iliyotumika kabla yake, nikapata namba ya siku 2268306, Jumamosi.

Upande wa Hijria bado. Siku yetu huingia magharibi, kwa hiyo jua likizama namba ya Hijria inaongezeka moja wakati ya Miladi imetulia. Hesabu ninayotumia ni ya miaka 30 yenye siku 10631, nayo yaweza kupishana na mwandamo kwa siku moja. Nimeweka kitufe cha kusogeza siku mbele au nyuma, maana mwezi ukionekana, neno ni la mwezi. Kesho jioni nitakaa na mama barazani tuone kama tarehe itageuka pamoja na adhana.