Nyuma imeshuka sentimita 4

Jamani, leo Land Cruiser yangu imekaa sawa! Aliyeniuzia alikuwa ameongeza jani moja (bamba la chuma) kwenye springi za nyuma kila upande, kwa ajili ya kubeba kokoto. Mimi sibebi kokoto. Tukienda Magu gari tupu, nyuma ilikuwa inarukaruka mpaka mama analalamika kiuno.

Jumamosi nikaipeleka gereji Nyakato. Fundi akainua chesisi na kuikalisha kwenye stendi, hakuiacha juu ya jeki. Nilimwamini hapo hapo. Kabla ya kufungua senta bolti, ile ya katikati inayoshika majani pamoja, akabana majani kwa klempu mbili kubwa, maana yale yamekaa kwa nguvu, yakifyatuka yanavunja mkono. Tukatoa lile la ziada, tukasugua kutu, tukafunga senta bolti na yu-bolti mpya, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Za zamani zilishavutika.

Hili sikulijua kabisa: bolti za macho ya springi (matundu ya ncha zake) na za sheko, kile kiungo kinachoshika springi kwenye chesisi, hazikazwi mpaka mwisho magurudumu yakiwa hewani. Shusha gari kwanza libebe uzito wake ndipo ukaze, la sivyo bushi, zile raba za ndani, zinajisokota na kuchanika mapema.

Uwezo wa kubeba umepungua, nimekubali. Magunia ya dagaa yatapanda Fuso. Taa za mbele nimezirekebisha, kwa sababu nyuma ikishuka mwanga unapanda machoni mwa wenzako. Nikitembea kilomita 100 hivi narudi kukaza yu-bolti tena.

Mama ameshauliza tunaenda lini Magu.