Vitone vya njano

Jioni hii hapa katikati ya jiji tumetazama Citizenfour, filamu ya Laura Poitras ya 2014.

Kuna pale Edward Snowden, aliyefichua siri za upelelezi wa Marekani, chumbani hotelini Hong Kong, Juni 2013, anajifunika nguo nyekundu kichwani ndipo aandike nywila.

Ukumbi ulicheka.

Jamani, si la kuchekwa. Kamera moja darini ikinasa vidole, usimbaji wote, yaani kufunga data kwa nywila isisomwe na wengine, umekwenda bure.

Ila karatasi nayo huweza kumponza mtoboa siri. Printa nyingi za leza za rangi huchapa vitone vidogo mno vya njano; ukimulika taa ya buluu ndipo vinaonekana. Vimebeba namba ya mashine, tarehe na saa. Kwa hiyo waraka usipigwe picha ukatumwa ulivyo. Maneno yaandikwe upya, tena si kwa kompyuta ya ofisi: seva, kompyuta kuu inayotunza mafaili, huweza kuweka rekodi ya aliyefungua faili.

Nimemkumbuka David Munyakei wetu, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua Goldenberg, kashfa ya wizi wa fedha za umma. Alifutwa kazi, akafa 2006 akiwa fukara. Inauma bado.

Nyinyi wa maofisini, printa yenu hudai namba ya mfanyakazi kabla ya kuchapa? Niambieni.