Mshale wa Mafuta Usiotulia

"Baba, mbona mafuta yamepungua tukipanda, halafu tukishuka yanarudi?" Mwanangu aliuliza hivyo akiwa kiti cha nyuma, macho kwenye dashibodi ya Probox. Boya la geji haliko katikati ya tenki, nikamjibu, akaridhika. Mimi nikarudi kimawazo kwenye ile Impreza ya mbio, usiku ule Arusha, mita ya umeme mkononi na vidumu vya lita tano vimepangwa ukutani.

Tenki lilikuwa la alumini, la kuchomelea: sentimita 60 kwa 40, kina 20, na chini yake katikati kisima cha 30 kwa 20 chenye kina cha sentimita 10. Jumla lita 54, sita kati ya hizo zikiwa kisimani. Sensa, yaani kifaa cha kupima kimo cha mafuta, ilikuwa ya bomba, yenye boya la sumaku ndani na swichi kila sentimita 2. Tenki likiwa tupu inasoma omu 240 za ukinzani wa umeme, likijaa 33. Fundi bati alikuwa ameishusha mpaka ndani ya kisima, katikati kabisa, na kwa hilo nampa heshima yake. Gari likikata kona kwa robo tu ya nguvu ya uvutano, uso wa petroli unalala kiasi cha kupanda sentimita 7.5 kwenye ukingo mmoja na kushuka vivyo hivyo upande wa pili. Kwenye tenki pana kama lile, sensa ya pembeni ingekosea lita 18 kwenye kona isiyo na ajabu yoyote. Katikati, mafuta yanabaki karibu palepale.

Lakini mshale ulikuwa unacheza, na mwenye gari alikuwa na jibu tayari: "Fundi, ongeza wastani kwenye programu, utulie." Mafundi wengi huanzia hapo: kuonyesha wastani wa usomaji wa sekunde kadhaa badala ya kila usomaji. Mshale unatulia kweli, ila unatulia kwenye uongo.

Kwanza tulizima pampu, switchi ya gari ikiwa imewashwa, tukaangalia volti kwenye waya wa sensa. Tukawasha pampu: ikapanda robo ya volti, na mshale ukashuka bila tone kutumika. Skrini ya dashibodi, yenye mshale huo, ilikuwa inatoa volti 5 kupitia rezista ya omu 220, kwa hiyo tenki tupu ni volti 2.6 na lililojaa ni 0.65. Robo ya volti katika nafasi hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi. Chanzo kilikuwa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri: sensa na pampu zilifungwa kwenye bolti moja. Pampu inavuta ampea 12, na bolti yenye kutu kidogo, hata ukinzani wa omu 0.02, inatosha kuleta kosa hilo. Waya wa ethi wa sensa tukaurudisha peke yake hadi kwenye pini ya ethi ya sensa nyuma ya skrini, pampu ikabaki na waya wake mnene hadi kwenye bodi ya gari. Tenki lenyewe tuliliacha limeungwa na bodi. Hilo usilikate kamwe, cheche ya umeme tuli wakati wa kujaza haina msamaha.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka vizuri kuliko yote. Tulitoa gari nje penye upepo, tukakausha tenki, tukachomoa plagi ya sensa na kuvuta waya mrefu ili mita ikae mbali na mdomo wa tenki. Dogo wa gereji akamimina kidumu cha kwanza polepole. Namba ikaporomoka: 226, 212, 199, ikasimama 185. Mle ndani mna lita 5, na geji inayohesabu kwa kimo ingesema zaidi ya robo, yaani lita 14! Kidumu cha pili: 171. Cha tatu: 157. Cha nne: 143. Cha kwanza kilimeza omu 55, vilivyofuata 14 kila kimoja, kwa sababu kisima ni chembamba na juu yake ni uwanja. Dogo aliinama akachungulia mita, akaniuliza kama imeharibika. Ilikuwa nzima. Hakuna wastani wa programu ungeliona hilo; ni lazima umimine, usubiri uso utulie, uandike.

Jedwali hilo la omu na lita likaingia kwenye skrini, na sifuri tukaiweka kwenye lita 2, kwa kuwa chini ya hapo pampu ingeanza kuvuta hewa.

Mengine yalikwenda haraka. Bomba la nje la sensa lilikuwa wazi chini kabisa, mafuta yakiingia na kutoka kama sokoni. Tukaliziba, tukaacha tundu la milimita 3 chini na jingine juu la kupumulia. Bila la juu hewa inanasa na mafuta hayaingii. Ndipo tukaweka wastani wa sekunde 30, ila switchi ya gari ikiwashwa skrini ichukue usomaji wa kwanza moja kwa moja, na taa ya onyo iwake mafuta yakikaa chini ya lita 8 kwa sekunde 10 mfululizo.

Asubuhi dereva akafurahia mshale uliotulia. Msoma ramani wake hakufurahi: alitaka namba mbichi, inayoruka, akisema bomba la mafuta likipasuka porini hataki kungoja nusu dakika kuambiwa. Tukawawekea zote, mshale wa wastani ukurasa wa kwanza, volti mbichi ukurasa wa pili. Sijui hadi leo nani alikuwa na haki. Magari niliyofunga baada ya hapo yote yana kurasa hizo mbili, na sijamwona dereva aliyefungua wa pili.