Ovaloki yangu ilitoka kwenye sanduku la Alhamisi

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kibarazani hapa Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka njia panda, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile kuu ya Tanzania na Zambia. Kwa miaka sita kila nguo niliyoimaliza nilikuwa naipeleka kwa fundi mwenzangu mwenye ovaloki, ile mashine ya kuzungushia kingo za ndani zisichanike nyuzi. Shilingi 1,000 kwa gauni, na foleni juu. Msimu wa harusi ndiyo ilikuwa kazi: mteja kasimama mlangoni, sendofu ni saa kumi, na gauni lake liko kwenye foleni ya watu. Mwanzoni mwa 2024 nikasema basi, mwaka huu nanunua ya kwangu. Dukani Mwanjelwa iliyotumika walinitajia 550,000.

Kuweka peke yangu nilishajaribu. Kibubu cha mbao nilikivunja mwenyewe kwa sababu ya mbolea. Mwaka uliofuata nikaweka kwenye simu, nayo hela ya kwenye simu haina tofauti na iliyo mfukoni, ukiombwa unatoa.

Kikundi chetu cha hisa, yaani cha kuweka akiba, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko, kina watu 27, tunakutana kila Alhamisi saa kumi jioni. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alitueleza kwamba mtindo huu wa sanduku na hisa ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini. Ni yeye pia aliyetusukuma tuandike katiba na tusajiliwe, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama chetu navyo vinatambuliwa, viko daraja la nne. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na anayelaza sanduku kwake hana ufunguo hata mmoja. Hisa yetu ni 3,000. Kwa kikao kimoja unanunua kuanzia moja hadi tano, hazizidi hapo hata uwe na hela kiasi gani.

Kikao cha kwanza cha mzunguko kilikuwa tarehe 8 Februari. Mwenyekiti akaleta jambo jipya: kila mtu asimame ataje anachokitafuta mwaka huu, kiandikwe kwenye karatasi kubwa, na karatasi hiyo isomwe kila mwisho wa mwezi. Mama mmoja muuza viazi akataja bati 30 za nyumba yake. Dada wa mchele wa Kyela akataja mtaji wa magunia matano. Mimi nikasema ovaloki.

“Sema kwa hela, fundi,” mweka hazina akaniambia.

Nikasema hisa 170, yaani 510,000, pengo lililobaki litazibwa na faida ya mikopo. Vikao vilikuwa 45 mpaka tugawane Desemba, kwa hiyo nilishapiga hesabu: hisa nne kila Alhamisi, mwaka mzima. Nilijiona nimejipanga. Yule mama wa viazi akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, “Fundi, Machi huwa unashona nini?”

Sikuwa na jibu. Machi huku kwetu hela ya watu iko shambani. Mvua inanyesha, watu wametoka kununua mbolea, wamelipa palizi, Januari ilishachukua daftari na sare za watoto. Anayekuja kwangu Machi kaleta suruali ya kubadilishwa zipu. Hela huanza kuonekana Juni mahindi yanapovunwa, ndipo harusi zinapopangana, na kuanzia Oktoba ni nguo za Krismasi na sare. Hayo yote nayajua, ndiyo maisha yangu, lakini nilipokaa na kalamu niligawa mwaka kama mtu anayelipwa mshahara. Kwa hesabu ile ningeshindwa kabla ya Pasaka, kisha ningekata tamaa, na najua ningeacha.

Tukapanga upya palepale, na wenzangu wanne wakarudisha zao wakazipanga vilevile. Mimi nikaandika hisa mbili kwa vikao 17 vya mwanzo hadi mwisho wa Mei, tano kwa vikao 17 vya Juni hadi Septemba, tano tena kwa vile 11 vya mwisho. Jumla 174. Zilizidi lengo kwa nne, na hizo nne niliziona akiba ya kutosha.

Hazikutosha. Aprili, mvua za mwaka ule zikiwa kubwa mno, mama yangu aliugua kule Tukuyu. Mfuko wa jamii wa kikundi ulinipa 30,000 siku ileile, msaada, si mkopo. Lakini nauli, dawa na siku za kutoshona vilinila. Wiki tano mfululizo nikanunua hisa moja moja.

Niwaeleze kile kitabu, maana ndicho kilichonishikilia. Kila kikao kina mstari wenye visanduku vitano. Hisa unayonunua inapigwa mhuri, na visanduku vilivyobaki katibu anavikata kwa kalamu mbele ya macho yako, ili asije mtu akaongeza mhuri baadaye. Nina kurasa za Aprili zenye mhuri mmoja na mikato minne, mstari hadi mstari. Iliniuma kila Alhamisi. Nilifikiria kutokwenda. Nilikwenda kwa sababu namba yangu, 14, ingeitwa, na watu wote wangesikia kimya. Mwisho wa Mei karatasi iliposomwa, mwenyekiti alitaja nilikofikia bila kuongeza neno, na mama wa viazi akaniambia tukitoka, “Umepungukiwa hisa tano tu, mwanangu. Usikose kuja.”

Mei hiyohiyo nikakopa 150,000 kwa miezi mitatu, ziada, yaani riba, asilimia 5 kwa mwezi. Kuna wenzetu wanakopa ili wanunulie hisa, jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo, unajidanganya mwenyewe. Mimi nilinunua bitana, zipu na nyuzi kabla msimu haujaanza, bei ikiwa bado chini. Ziada ilikuwa 22,500 na niliilipa yote kwa wakati. Mkopo ule ndio ulionibeba: Juni hadi Septemba sikukosa mihuri mitano hata wiki moja. Nanenane yenyewe, 8 Agosti, iliangukia Alhamisi. Uyole nzima iko viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale, watoto wanalia wapelekwe. Nilinunua hisa kwanza, ndipo tukaenda na zilizobaki.

Mikopo ilifungwa Novemba ili hela yote irudi sandukuni. Tarehe 12 Desemba tukahesabu mpaka giza likaingia. Hisa zangu zilikuwa 169. Moja pungufu, na Alhamisi zimekwisha. Kila hisa ya 3,000 ilirudi na 3,400, nikapewa 574,600 mkononi, zikahesabiwa mara mbili. Kesho yake asubuhi nilikuwa Mwanjelwa. Muuzaji akashusha hadi 540,000, nikabakiwa na nauli na hela ya nyuzi koni tatu. Gauni la kwanza kulipitisha lilikuwa la kitenge, la mama yangu. Alilipokea, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kingo kuanzia kwapani hadi chini, kisha akasema kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo,” asante sana.

Mama wa viazi alipata bati 22 badala ya 30. Bei ya viazi iliporomoka wiki zile alizojiandikia hisa tano tano. Upande mmoja wa nyumba umeezekwa, mwingine bado una turubai. Februari iliyofuata, siku moja kabla ya kikao, alikuja kukaa kibarazani kwangu na daftari lake. Safari hii mimi ndiye niliyemuuliza: viazi vyako, mama, unavichimba mwezi gani? Akaanza kunihesabia kwa vidole, shamba la Isyonje kwanza.