Wageni wa Hartford, wageni wa Kamalondo

Tangu nirudi Lubumbashi, maswali ni yale yale. Kule ulikuwa unafanya kazi gani? Nikisema nilikuwa nasafisha jengo la michezo la chuo cha Trinity, mjini Hartford, Marekani, linafuata la pili: michezo gani? Hapo ndipo shughuli inapoanza. Basketi wanaijua. Skwoshi, hapana.

Baba mdogo, mtu wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambaye mvua haijawahi kumzuia kwenda kuona Mazembe, timu yetu ya mpira wa miguu, alinikalisha chini nimweleze. Chumba chenye kuta nne, nikamwambia, urefu mita 9.75, upana mita 6.4. Watu wawili wanaingia na raketi, wanapokezana kupiga kipira kwenye ukuta wa mbele, anayeshindwa kukirudisha amepoteza pointi.

"Sasa adui iko wapi?"

Yuko humo humo, mnapishana mabega.

"Bote babili mu chumba moja? Na habapigane?"

Inakaribia, baba.

Nilikuwa nimekuja na kipira kimoja, cheusi, chenye nukta mbili za manjano. Wapwa zangu walikiangusha kwenye sementi, kikalala pale pale kama kimekufa. Walicheka sana: mjomba ametoka Marekani na mpira usiodunda! Nikawaambia ndivyo kilivyo, kikiwa baridi hakina nguvu, sharti kipigwe na kupigwa mpaka hewa iliyo ndani ipate joto. Tukakipiga kwenye ukuta wa lupango, yaani ua wa nyumbani, kwa kipande cha ubao. Baada ya dakika kadhaa kikaanza kuruka, na madoa meusi yakaanza kuonekana kwenye chokaa, mpaka mama mkubwa akatoka kuuliza nani atapaka ukuta upya. Madoa hayo nayajua vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaa huu. Kuta za Trinity ni nyeupe, na kuyafuta ilikuwa kazi yangu ya kila usiku. Sakafu ni mbao isiyopakwa vanishi, huruhusiwi kuimwagia maji, unapitisha kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa shuleni. Vijana wa Harrow, Uingereza, katika karne ya 19, waliona kwamba mpira uliotoboka unabonyea ukigonga ukuta na unamlazimisha mchezaji kukimbia zaidi, wakaupenda. Miaka ya 1860 shule ikawajengea viwanja. Mwaka 1884 shule ya St. Paul's, kule Concord, New Hampshire, ikajenga vya kwanza Marekani. Wamarekani nao wakashika njia yao: kipira kigumu zaidi, chumba chembamba zaidi. Kwa miongo mingi walicheza wenyewe kwa wenyewe, mchezo wao, sheria zao. Ni miaka ya 1990 tu ambapo vyuo vyao vilihamia kwenye kipira laini na chumba kipana kinachotumika duniani kote.

Nadhani hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kijana aliyekulia kwenye skwoshi Malaysia au India sasa angeweza kuja Marekani akakuta mchezo ule ule aliouacha kwao. Trinity, chuo kidogo ambacho hakikuwa na jina kwenye skwoshi mbele ya Harvard na Yale, ndicho kilichoelewa mapema. Kocha Paul Assaiante alifika huko mwaka 1994. Rais wa chuo aliyeingia mwaka uliofuata, Evan Dobelle, alitaka timu inayoshinda, na kocha akaanza kutafuta wachezaji nje ya nchi.

Katika skwoshi ya vyuo wanacheza tisa kwa tisa, na timu inayopata mechi tano imeshinda. Kuanzia 1998 Trinity ilishinda, ikashinda, mpaka ikafika 252 mfululizo, na makombe 13 ya taifa moja baada ya jingine. Mfululizo mrefu hivyo haukuwahi kuonekana katika michezo ya vyuo vya Marekani. Ulikatika tarehe 18 Januari 2012, kwa Yale, 5 kwa 4. Mwaka 2013 kombe lilirudi Hartford.

Baba mdogo hakuvutiwa sana na hizo 252. Aliuliza jambo moja: "Bale batoto banatoka wapi?"

Nikamtajia: Malaysia, India, Pakistani, Uswidi, Afrika Kusini. Nikamweleza pia manung'uniko niliyokuwa nikiyasikia, kwamba hiyo si timu ya chuo, ni timu ya kununua. Mimi sikuwahi kukubali. Vijana wale walikuwa wanafanya mitihani kama wenzao, na saa tano usiku nilikuwa nawakuta wamekaa kwenye ngazi na vitabu, raketi chini.

"Njo ile ile ya Saint-Georges," akasema.

Na kweli. Wapwa zangu wanavaa jezi nyeusi na nyeupe kila Jumapili, lakini hawakujua kwamba Mazembe ilianza kama timu ya shule. Mwaka 1939, mji huu ukiitwa Élisabethville, mapadre Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface waliwaundia wanafunzi wao timu, wakaipa jina la Saint-Georges, mlezi wa maskauti. Msimu wa kwanza tu ilishika nafasi ya tatu. Baadaye wakaanza kuingia wachezaji wasio wa shule, na mapadre wakaiachilia. Ikashikwa na Englebert, watu wa matairi, ikachukua jina lao. Mengine mnayajua: kombe la vilabu vya Afrika 1967 na 1968, tena 2009, 2010 na 2015, na ile fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter Milan kule Abu Dhabi mwaka 2010, kocha akiwa Msenegali, Lamine N'Diaye. Wazambia kina Rainford Kalaba. Mbwana Samatta, aliyetoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 akaja kuimbwa Kamalondo kama mtoto wa hapa.

Mimi naona mapadre waliachia mapema mno. Trinity imeonyesha kwamba unaweza kumpokea wa mbali na ukabaki shule. Baba mdogo hakubali hata kidogo. "Bapadri balifanya muzuri. Timu ya shule inaisha siku ya diploma." Tulibishana mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye shule moja ya jirani. Nyuma ya madarasa kuna ukuta mrefu wa sementi, laini, hauna dirisha. Si chumba cha skwoshi, lakini kwa kuanza unatosha. Nikamweleza mkuu wa shule kwamba mchezo huu unaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2028, Los Angeles, na kwamba raketi za kuanzia nitazitafuta mwenyewe. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama watacheza wanafunzi wake tu, au na watoto wa mtaani wataingia.

Nikajibu: wote.

Akasema basi kwanza aongee na kamati ya wazazi.