Nilivyopata kibali cha kujenga jirani na bahari

Kabla mchoraji hajagusa karatasi, nilikwenda ofisi ya vibali na hati ya kiwanja tu, nikauliza mambo mawili: mwisho wa kujenga ni wapi, na sakafu inatakiwa iwe juu kiasi gani. Kwa maoni yangu kibali kilianzia hapo, maana ramani yote ilifuata majibu hayo.

Umbali kutoka baharini haupimwi pale maji yalipo siku ya kukagua kiwanja. Kwangu ulipimwa kutoka alama ya maji ya bamvua, yaani pale bahari inapofika ikijaa kupita kawaida, ukaongezwa kwa sababu ufuo unaliwa. Mpima ardhi alipomaliza kupigilia vigingi, sehemu yenye mandhari nzuri kuliko zote ilibaki nje. Iliniuma, ila nyumba iliyojengwa mbele ya mstari ule haina wa kuitetea.

Sakafu ilipangwa kwa mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Wengi huyaita mafuriko ya miaka 100, wakadhani hayawahusu. Piga hesabu: ndani ya miaka 30, uwezekano wa kuyapata walau mara moja ni kama asilimia 26! Nikakubali nyumba isimame juu ya nguzo, chini pabaki wazi maji yapite. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari inazidi tani moja, na tofali halishindani na uzito huo ukija kwa kasi.

Jambo lililomshughulisha zaidi mhandisi ni paa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, na hulivuta paa kwenda juu. Kimbunga Andrew kilipopiga Florida mwaka 1992 kiling'oa mapaa mengi, na mwaka 2002 jimbo zima likaanza kutumia kanuni mpya za ujenzi. Kwenye michoro yetu kila kenchi ilifungwa kwa kibati cha chuma hadi kwenye boriti, na boriti hadi kwenye nguzo. Mkaguzi alipanda ngazi na tochi, akapitisha kidole kwenye kila kibati akihesabu misumari. Palipopungua, fundi aliongeza papo hapo. Dari ilisubiri. Mwiteni mkaguzi kabla hamjaifunga, kwani ikishafungwa ana haki ya kuwaambia mbomoe.

Ukuta wa kuzuia bahari sikuuombea kibali. Mawimbi yakiugonga huchimba mchanga wa mbele yake, na mmomonyoko huhamia kwa jirani.