Siku moja, benchi moja: mbao tatu na matundu kumi na mawili

Saa 12:40 asubuhi, uwanja wa mbao

Ukaguzi wa mbao unataka jua la asubuhi. Mwanga wa pembeni hulala juu ya ubao na kila kombo linaonekana. Hapa Dar es Salaam paini inayouzwa nyingi hutoka Mufindi, upande wa Sao Hill na Mafinga, na sehemu kubwa hufika ikiwa bado na maji.

"Kavu hizi, fundi, kavu kabisa," muuzaji ananiambia.

Nanyanyua moja, naigusisha shavuni. Ubaridi. Ubao mkavu hauna ubaridi ule, na ukiugonga kwa kidole kilichokunjwa unalia, hautoi mlio mzito kama wa ndizi mbichi. Nachukua hata hivyo, kwa sababu mbao ninazonunua leo si za leo. Zitapangwa kivulini kwa miezi miwili, vijiti vya unene sawa katikati yake kila nusu mita, na za kazi ya leo ni zile nilizopanga miezi miwili iliyopita.

Nazungukia kichwa cha kila ubao nione miduara yake. Wenye moyo wa mti katikati naurudisha, maana utapasuka hata ukaushwe kwa upole wa namna gani. Fundo dogo lililoshikana na mbao halina tabu. Fundo jeusi lenye mstari kuzunguka litadondoka siku moja, na likiangukia penye tundu la kupokea ulimi, ile ncha iliyochongwa nyembamba ya ubao mwingine, basi mguu umekwisha.

Kwa benchi la sentimita 120 zinatosha mbao tatu za futi 12: moja ya inchi 2x3 ya miguu, moja 1x4 ya fremu, moja 1x8 ya kikalio. Anayeanza asianze na mninga au mkongo. Ni mbao nzuri mno kuzifanyia makosa, na ugumu wake humchosha mtu kabla hajajifunza kunoa. Mvule nao vumbi lake huwasha pua na ngozi, usiupige msasa bila barakoa.

Saa 1:30

Naweka kipande cha majaribio kwenye mizani ya jikoni. Nimekipima kila Jumamosi na kuandika uzito ubavuni kwa penseli. Namba mbili za mwisho zinalingana, maana yake mbao imeshapatana na hewa ya hapa na inaweza kufanyiwa kazi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini, na hakigharimu chochote.

Kwa nini nasisitiza hivi? Ubao wa sentimita 20 ukitumika mbichi unaweza kupungua milimita 5 hadi 8 kwa upana wakati unakauka, lakini urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Kwa hiyo ulimi hunywea ndani ya tundu lake, kikalio hupasuka pale kilipopigiliwa misumari pande zote mbili, na mwenye benchi husema gundi ilikuwa mbovu. Gundi haikuwa na kosa.

Saa 2:00, randa

Vipimo vya mwisho, baada ya kuranda: miguu unene milimita 44 na upana 68, mbao za fremu 20 kwa 90, kikalio 20 kwa 170.

Kwanza uso mmoja unyooshwe. Naweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa ubao, nainama na kuangalia juu yake kwa jicho moja. Vikiwa sambamba, ubao haujajipinda. Kona moja ikipanda, naranda kona hiyo na iliyo mkabala nayo kwa mshazari. Ukishanyooka naweka alama ya penseli juu ya uso huo. Halafu ubavu mmoja, nao uwe na pembe kamili na uso wenye alama. Upande wa tatu na wa nne hufuata mstari wa geji, kile kifaa cha kuchora mstari sambamba na ukingo. Yule anayeranda pande zote nne bila mpangilio huishia na mguu mwembamba chini, mnene juu, na hajui kosa lilianzia wapi.

Randa ikirarua, geuza ubao. Nyuzi zinapanda upande mmoja tu, na ukizifuata maranda hutoka marefu, membamba, yanajikunja kama karatasi. Ikiendelea kurarua pande zote mbili, toa kisu cha randa ukanoe. Kazi hii imenichukua saa moja na dakika arobaini. Aliye na haraka apeleke kwenye mashine, mtaa wa Keko hapa mjini ziko za kutosha, ila akague pembe kwa mraba kabla ya kuondoka.

Saa 4:00, chai na mistari

Chapati moja, chai ya tangawizi, na karatasi ya vipimo mezani.

Miguu minne, kila mmoja sentimita 43 ukimalizika, lakini naikata 45. Zile mbili za ziada zibaki juu mpaka mwisho, kwa sababu tundu likichimbwa karibu sana na kichwa cha mguu, mbao hupasuka kuelekea huko. Fremu ndefu mbili, sentimita 92.4: kati ya bega na bega, yaani pale ubao unapokatwa ulimi uanze, ni 86.4, na ulimi wa sentimita 3 kila upande. Fremu fupi nne, sentimita 25.2: kati ya mabega 19.2. Mbili za juu zinabaki na upana wa 9, mbili za chini nazipunguza hadi 6. Kipande kinachobaki cha 1x4 kitatoa mikingamo mitatu ya kubeba kikalio.

Miguu yote minne naibana pamoja na kuvuta mstari mmoja kupita juu ya yote. Ukipima mguu mmoja mmoja kwa futi utapata benchi linalocheza. Mstari wa bega la ulimi naupiga kwa kisu, sio penseli. Penseli ina unene, na nusu milimita kila upande ni uwazi unaoonekana kutoka mlangoni.

Jambo moja ambalo michoro mingi ya wanaoanza huliruka: ndani ya mguu mmoja matundu mawili yanakaribiana. La fremu ndefu linaingia ubavu mwembamba, milimita 31 kwenda ndani. La fremu fupi linaingia uso mpana. Ukilichora hili la pili katikati ya uso, yatagongana. Nalisogeza nje, liwe milimita 15 kutoka ubavu wa nje, na mbao kiasi cha sentimita 1 inabaki katikati yake. Pia naandika A, B, C, D kwenye miguu na herufi ileile kwenye kila ulimi unaoingia humo, kwa sababu saa nne baadaye kila kipande kitafanana na mwenzake.

Saa 5:00, matundu

Kumi na mawili. Patasi ya milimita 12 ndiyo inayoamua upana wa tundu, wala sio mchoro, kwa hiyo geji naiweka kwa kuigusisha patasi yenyewe. Kwa fremu ya milimita 20, ulimi wa 12 unaacha bega la milimita 4 kila upande.

Drili yenye biti ya milimita 10 hutoa mbao nyingi kwanza. Nafunga utepe kwenye biti milimita 31 kutoka ncha. Utepe ukigusa mbao, simama. Ulimi ni milimita 30, ile moja ya ziada ni nafasi ya gundi, la sivyo gundi itakaa chini ya tundu na bega halitafunga. Matundu madogo matano mfululizo yanatosha kwa tundu la milimita 60. Tundu la juu linaanza sentimita 2 chini ya mstari wa mwisho wa mguu. La fremu ya chini ni la milimita 40, na ubao wake unakaa sentimita 12 kutoka sakafuni.

Halafu patasi. Ncha mbili za tundu ziachwe mwisho kabisa. Ukianza kwa kupiga mstarini, patasi itajisukuma nyuma na kuuvuka. Mkono mmoja kwenye patasi, mwingine kwenye nyundo ya mbao, na mguu wa benchi umebanwa kwenye jiriwa. Kamwe usishike kipande kwa kiganja mbele ya patasi, makali yakiteleza hayana pengine pa kwenda.

Saa 7:00 mchana

Ugali, dagaa, dakika ishirini za kunyoosha mgongo. Kisha jiwe la kunolea, kwa sababu paini ni laini na patasi butu huiponda badala ya kuikata.

Saa 7:45, ndimi

Msumeno ukate upande wa nje wa mstari, mstari wenyewe ubaki. Nakata mashavu ya ulimi, yaani pande zake mbili pana, kwanza, mabega baadaye. Ulimi wa fremu ya juu una upana wa sentimita 6 tu kati ya 9: mbili zimetolewa juu, moja chini.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, naomba usiharakishe. Ulimi wa kwanza haukuingia. Ulifika nusu na kukataa. Mgeni angechukua nyundo, na mguu ungepasuka kwa urefu wake. Badala yake nasugua penseli pande zote mbili za ulimi mpaka ziwe za kijivu, nauingiza kwa mkono, nauchomoa. Pana mng'aro mdogo karibu na ncha, kama kucha ilivyo. Hapo tu ndipo panapobana. Napitisha patasi bapa, natoa maranda membamba kama unyoya mmoja, naingiza tena. Mng'aro umehamia karibu na bega. Unyoya mwingine. Mara ya nne umeingia kwa kusukumwa na kiganja, na pigo moja jepesi likafunga bega.

Ukiingia kwa uzito wake wenyewe, umelegea. Gundi nyeupe hushika mbao iliyogusana na mbao, haijazi uwazi. Tiba ni kubandika kipande chembamba cha maranda ubavuni mwa ulimi, kusubiri kikauke na kuanza kulinganisha upya. Ule mchanganyiko wa gundi na unga wa msumeno unaficha tu, haubebi mtu.

Saa 9:30, kuunga bila gundi

Vyote vinaunganishwa vikavu. Napima kona kwa kona kwenye fremu ya juu: sentimita 103.8 upande mmoja, 104.1 upande wa pili. Tofauti ya milimita 3 inarekebishwa kwa kubana kidogo kona iliyo ndefu. Ikizidi 5, bega moja limekatwa kombo, lirudiwe sasa. Ukishatia gundi hakuna kurudi.

Saa 10:15, gundi

Joto la alasiri linaipa gundi kama dakika kumi tu kabla haijaanza kushika, kwa hiyo siungi benchi zima kwa mkupuo. Kwanza ncha mbili: mguu, fremu fupi ya juu, ya chini, mguu. Baada ya saa moja, fremu ndefu. Gundi inapakwa ndani ya tundu na juu ya ulimi pia, kwa kijiti bapa.

Klampu ndefu ni ghali, na benchi la kwanza halizihitaji. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe wa sentimita 3 unabana vizuri sana ukizungushwa mara nne au tano kwa kuvutwa. Kwa upande mrefu, kamba ya katani mara mbili na kijiti katikati cha kuisokota. Weka vipande vya maranda chini ya kamba ili isichonge kona za miguu.

Gundi iliyotoka nje usiifute kwa kitambaa kibichi. Inaingia kwenye vinyweleo vya mbao na vanishi itaacha baka jeupe hapo. Iache igande kama jibini, nusu saa hivi, kisha ikwangue kwa patasi.

Saa 11:15, kikalio

Wakati fremu inakauka, naandaa mbao mbili za kikalio. Zitakaa na nafasi ya milimita 5 katikati, upande wa moyo ukitazama juu. Miduara ya mti hutaka kunyooka kadiri mbao inavyokauka; moyo ukiwa juu, kingo hujibana chini na katikati kupanda kidogo. Ukigeuza, kingo hunyanyuka na kuvuta nguo za mkaaji.

Kikalio hakitiwi gundi. Skrubu hutoka chini kupitia mikingamo. Kwa kila ubao, tundu la skrubu lililo karibu na nafasi ya katikati ni la duara, na lililo upande wa nje ni refu, milimita 4 kwa 8, kufuata upana wa benchi. Mvua ikija ubao utavimba kuelekea nje bila kupasuka. Skrubu ziwe za inchi 1¼. Mkingamo na kikalio pamoja ni milimita 40, na skrubu ya inchi 1½ ni 38. Kichwa kikizama kidogo tu, ncha inatokeza juu pale watu wanapokalia. Mikingamo yenyewe inashikwa na skrubu mbili za inchi 2 kila mwisho, kupitia fremu ndefu, baada ya kutoboa njia kwa biti ya milimita 2.5.

Kingo zote za juu nazivunja kwa randa, milimita 3.

Saa 12:10 jioni, msasa

Namba 80 penye alama za randa tu, kisha 120, kisha 180, kila mara kufuata nyuzi. Mkwaruzo wa kukata nyuzi hauonekani sasa, utaonekana vanishi ikiingia.

Vanishi yenyewe ni ya kesho saa nne, jua likishakausha hewa. Sila, ile ya kuziba vinyweleo kabla ya vanishi, ikipakwa jioni yenye unyevu, hasa wakati wa masika, hunasa maji na kugeuka nyeupe kama maziwa. Kesho pia nitakata zile sentimita 2 za juu ya miguu, nitalisimamisha benchi penye sakafu iliyonyooka, na mguu ukielea nitauwekea kabari, kisha nitazungusha penseli juu ya kipande cha mbao kuizunguka miguu yote minne na kukata palipochorwa.

Napangusa patasi na randa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, chumvi ya hewa ya pwani haichelewi kuzitia kutu. Benchi linabaki limefungwa mipira yake, miguu juu, mpaka asubuhi.